Pori Moja, Mabwana Wanne

Iko taabu moja katika nchi ya Handeni ambayo haipigiwi kelele mijini, kwa sababu wale wanaoipata hulala porini. Mtu wa mjini akichoka hurudi nyumbani kwake, akafunga mlango, akalala. Bali mchungaji aliyefuata majani mbali na boma lake, mchoma mkaa anayelinda tanuri lisije likatoboka usiku, mrina asali, mpasua mbao na mchimba dawa, hao nyumba yao ni kambi. Miti minne, turubai juu yake, mafiga matatu na dumu la maji. Na swali linalowasumbua kila jua lizamapo si la simba, wala si la mvua. Ni hili: Je, hapa nilipolala usiku huu ni halali au ni kosa? Na kama ni kosa, nimemkosea nani, na faini yake ni kiasi gani?

Swali hili lingekuwa na jibu moja, tusingelitia kalamu katika wino. Lakini halina. Katika pori moja lile lile, baina ya Mkata na Sindeni, au kutoka Segera kushika njia ya Korogwe, mtu aweza kukutana na mabwana wanne, kila mmoja na amri yake.

Bwana wa kwanza ni kijiji. Serikali ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, tena inayo haki ya kutunga sheria ndogo. Bwana wa pili ni halmashauri. Hapa pana jambo la kuangalia: Handeni ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji, na Korogwe nayo ina mbili vivyo hivyo. Mtu akivuka mpaka ambao hauna hata jiwe amekwisha kuingia katika ushuru mwingine na sheria ndogo nyingine. Bwana wa tatu ni Wakala wa Huduma za Misitu, ulioanza kazi mwaka 2011, ambao huko vijijini watu bado humwita mtumishi wake Bwana Misitu. Bwana wa nne ni mwenye wanyama, yaani Bwana Nyama wa zamani, ambaye kazi yake sasa katika mapori nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro iko mikononi mwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori.

Hatusemi kwamba mabwana hawa hawana kazi. Kila mmoja amewekwa kwa sababu njema. Tunachosema ni kwamba yule anayelala chini ya mti haambiwi mti ule ni wa nani.

Tuitazame sheria yenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inagawa misitu yetu mafungu manne: misitu ya hifadhi ya taifa, misitu ya hifadhi ya serikali za mitaa, misitu ya vijiji, na misitu ya watu binafsi. Kila fungu lina mwenye kutoa kibali. Sheria za ardhi nazo zinagawa nchi nzima mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya vijiji na ardhi ya jumla. Hayo mtu aweza kuyakariri kwa siku moja. Lakini akisoma zaidi atashangaa. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, ikieleza ardhi ya jumla ni ipi, imetia ndani yake hata ardhi ya kijiji ambayo haikaliwi wala haitumiwi. Ndugu yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka ule ule, iliyopitishwa na Bunge lile lile, inaeleza ardhi ya jumla bila ya maneno hayo. Basi lile pori la kijiji ambalo wazee waliliacha kwa malisho ya kiangazi na kwa wajukuu watakaozaliwa, je, ni la kijiji au ni la jumla? Kwa sheria moja ni la kijiji. Kwa nyingine mtu aweza kudai kuwa limekwisha kuponyoka. Wanasheria wameshindana juu ya jambo hili miaka zaidi ya 20. Ikiwa waliosoma sheria hawajaelewana, mchunga mbuzi wa Kwamsisi ataelewaje?

Tena tuangalie upande wa wanyama. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, pori tengefu lilikuwa mahali ambapo uwindaji ulitakiwa kibali, lakini watu waliweza kukaa, kulima na kuchunga humo. Sheria ya mwaka 2009 ikageuza: kulima na kuchunga ndani ya pori tengefu bila ruhusa kukawa kosa. Sheria hiyo hiyo ikamwagiza Waziri ayapitie mapori hayo katika muda wa miezi 12, na ahakikishe kuwa hakuna ardhi ya kijiji iliyobaki ndani yake. Agizo lilikuwa zuri. Lakini kazi ilichukua miaka, si miezi, na katika miaka hiyo mtu wa nchi hii aliweza kulala mwananchi akaamka mvamizi, ilhali hakuhama hata hatua moja.

Ndiyo sababu mwezi Januari mwaka 2019 Serikali ilisimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyoambiwa kuwa vimo ndani ya hifadhi, ikaunda kamati ya mawaziri wanane. Mwaka ule ule ikatangazwa kwamba katika vijiji na mitaa 975 yenye migogoro ya namna hiyo, 920 ibaki mahali pake. Hesabu hiyo yatosha kuonyesha kwamba kosa kubwa halikuwa la watu. Lilikuwa la mipaka. Watu 9 katika kila 10 hawawezi kuwa wavamizi wa nyumbani kwao.

Na Handeni yenyewe imeona maajabu yake. Eneo la Msomera lilikuwa ndani ya Pori Tengefu la Handeni. Mwezi Juni mwaka 2022 likaanza kupokea jamaa waliohamishwa kutoka Ngorongoro, wakapewa nyumba za vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano kwa kila kaya. Hatutaki hapa kuufufua ubishi wote wa safari ile, ambao ni mrefu na una machungu yake. Tunataka neno moja tu. Wakati viwanja vinapimwa, zilisikika sauti za watu waliokuwako tangu hapo, wakisema mashamba na malisho yao yametiwa katika ramani ya wengine. Basi pori moja limekuwa mahali palipokatazwa mifugo, kisha kijiji cha walioletwa, na wakati wote huo palikuwapo mtu aliyelala hapo akidhani ni kwao. Kama mipaka ingalikuwa imewekwa na kusomwa mbele ya watu tangu mwanzo, aibu hiyo isingalitupata.

Wako watakaosema: "Watu wa porini hawapendi sheria." Huo si ukweli. Wazigua walikuwa na sheria za misitu kabla ya Mjerumani kuleta amri yake ya misitu mwaka 1904, na kabla ya Mwingereza kuleta ya kwake mwaka 1921. Watafiti waliopita Handeni katika miaka ya 1990 walikuta misitu ya jadi kwa mamia, mingine midogo kama uwanja wa mpira: misitu ya matambiko, ya makaburi, ya jando, ya chemchemi. Imesimama mpaka wakati huo bila askari na bila uzio. Imesimama kwa sababu amri yake ilikuwa chache na kila mtoto aliijua: hapa hapakatwi mti, hapa hapawashwi moto, maji haya hayachafuliwi. Aliyevunja alijulikana, na adhabu yake ilijulikana, kuku au mbuzi, nayo ililiwa hadharani mbele ya watu wote. Hakuna mzee aliyeipokea kichakani akaitia mfukoni.

Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya nchi hii ya Uzigua, ameonyesha jambo ambalo wazee wetu walilijua: wakati wenyeji walipokuwa na nguvu ya kuisimamia nchi yao, kulima, kuchoma na kuchunga kwa mpangilio kuliizuia nyika isiwafikie. Utawala wa kigeni ulipowavunja nguvu, njaa zikafuata, vichaka vikarudi, na ndorobo wakaja navyo, ng'ombe wakafa. Fundisho lake ni hili: pori halilindwi kwa kumfukuza mtu tu. Hulindwa na mtu ajuaye wajibu wake ndani yake.

Sasa tuje kwenye faini, maana hapo ndipo penye kidonda. Faini si jambo baya. Nchi isiyo na adhabu ni shamba lisilo na mlinzi. Lakini katika kambi za porini maneno matatu yamechanganywa: ushuru, faini, na kile kiitwacho kufifilisha kosa. Ushuru ni malipo ya haki kwa kitu ulichoruhusiwa kukichukua. Faini ni adhabu itolewayo na mahakama. Kufifilisha ni kumaliza kosa bila ya kwenda mahakamani, na sheria za misitu na za wanyamapori zinaruhusu hivyo, endapo mtuhumiwa amekiri mwenyewe kwa maandishi na kukubali kulipa. Ni wangapi porini wanaojua kwamba wanaweza kukataa, wakasema, "Nipeleke kwa hakimu nikajitetee"? Wengi huona kofia na bunduki, wakatia kidole kwenye wino, wakalipa.

Na kiasi chenyewe si kidogo. Wafugaji wa nchi hii wameizoea hesabu ya shilingi 100,000 kwa kila ng'ombe aliyekamatwa hifadhini. Mwenye ng'ombe 50 ataambiwa shilingi 5,000,000. Mtu huyo hana benki. Benki yake ndiyo hao ng'ombe. Atauza 8 au 10 kwa bei ya kutupa, mnadani, kwa mnunuzi ajuaye kwamba muuzaji ana shida. Karo ya mtoto imekwenda hapo, na dawa ya josho imekwenda hapo. Ikiwa kweli aliingia hifadhini akijua, na alipe, asituombe machozi. Lakini ikiwa aliingia kwa kuwa mpaka hauna alama, na aliyemkamata hakumwonyesha ramani, hapo tumeadhibu ujinga ambao sisi wenyewe tuliuacha.

Mchoma mkaa naye ana yake. Tanuri la udongo huchukua siku nyingi kuiva, na mwenyewe hulala kando yake. Atauliza kibali kwa mtendaji wa kijiji, kwa kuwa msitu ni wa kijiji. Ataambiwa aende wilayani, maana zilipokuja kanuni mpya za uvunaji mwaka 2019, kamati ya wilaya ikawa na neno lake. Wilayani ataulizwa muhtasari wa kijiji. Huku anazunguka, kuni zimekauka na mvua zimekaribia. Dereva wa lori naye ni mfanyakazi mwenzetu. Kanuni ilikuwa ikikataza kusafirisha mazao ya misitu kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Ilikuwa kanuni ya busara, kwa maana wizi hupenda giza. Lakini gari lilipomharibikia njiani saa 11 na nusu, angefanya nini? Akienda alikuwa amevunja kanuni, akilala kando ya njia na mzigo wake aliulizwa analala pale kwa ruhusa ya nani.

Hatuwezi kuwalaumu watumishi peke yao. Bwana Misitu mmoja hupewa eneo ambalo kwa miguu halimaliziki kwa mwezi. Huenda hana gari, na akiwa nalo mafuta hayatoshi. Naye amesoma sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza, akatakiwa azieleze kwa Kiswahili na pengine kwa Kizigua au Kimaasai, chini ya jua, kwa watu wenye hasira. Naye ni mfanyakazi, anataka kazi yake iwe na heshima. Amri zisizoeleweka zinamdhalilisha yeye kwanza, kwa sababu kila afanyapo haki anadhaniwa ametaka rushwa.

Wala hili si letu peke yetu. Huko Marekani, mwenye hema hukuta ardhi ya umma imegawanywa baina ya idara mbalimbali, kila moja na siku zake za kulala na faini zake, na wenyeji hulalamika kama sisi. Lakini Sweden, desturi ya kale iliyotiwa nguvu na katiba yao inamruhusu mtu kupita na kulala usiku mmoja katika pori la mwingine, na amri yake yote huelezwa kwa maneno mawili: usisumbue, usiharibu. Nchi zetu si sawa, na ng'ombe 200 si hema moja. Hata hivyo ufupi wa amri ile ni wa kuigwa.

Na hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mwaka 1994, vijiji vilivyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba huko Babati vilianza kuusimamia wenyewe, badala ya msitu ule kufanywa hifadhi ya Serikali. Wakakaa mkutanoni, wakaamua wapi ng'ombe apite, wapi asipite, nani akate kuni na faini ni nini. Wakaweka walinzi wao. Msitu uliokuwa ukiliwa pande zote ukapata wenyewe. Jambo hilo likawa mojawapo ya mafundisho yaliyoingia katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kinachowezekana Babati kinawezekana Handeni.

Tena wageni wanaokuja kulala mahemani katika hifadhi zetu, kama vile Saadani, huijua bei yao kabla hawajapanda ndege. Imeandikwa na kutangazwa. Mahali pa kulala pamewekwa. Wakilipa hupewa stakabadhi. Tunasema: kama mgeni anastahili heshima hiyo, mwenyeji anaistahili zaidi.

Basi sisi tunataka mambo matano, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo kutoka ng'ambo.

Kwanza, mipaka ionekane. Kila mahali ambapo njia ya watu au ya ng'ombe inaingia katika hifadhi, pawe na jiwe na kibao. Kibao kiseme kwa Kiswahili: hapa ni pa nani, kulala kunaruhusiwa au hapana, ruhusa huombwa wapi, na faini ni kiasi gani. Mahali pasipo na kibao, mtu aonywe kwanza, asitozwe.

Pili, mabwana wanne wakae meza moja. Kijiji, halmashauri, misitu na wanyamapori watoe karatasi moja kwa kila kata, si nne. Mwombaji aende mlango mmoja.

Tatu, pasiwe na shilingi inayolipwa porini mkononi. Malipo yote ya Serikali yana namba yake na stakabadhi yake. Asiyetoa stakabadhi huyo hatozi faini, anaiba. Na mtuhumiwa asomewe haki yake ya kwenda mahakamani kabla hajatia sahihi.

Nne, mpango wa matumizi ya ardhi ukamilike katika kila kijiji, na ndani yake zitengwe njia za mifugo, malambo, malisho ya kiangazi na mahali pa kambi za muda. Mtu akiambiwa asilale hapa, aambiwe pia alale wapi. Amri inayokataza tu bila kuonyesha njia ni mlango uliofungwa pande zote.

Tano, lugha. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili ndicho kiwe lugha ya sheria na mahakama. Basi sheria za misitu, ardhi na wanyama ziwe za kwanza kuwafikia watu katika lugha hiyo, pamoja na kanuni zake zote na orodha za malipo. Sheria asiyoijua mtu haimwongozi, humtega.

Lakini mkono mmoja haulei mwana. Wananchi nao wana wajibu. Wako wanaosema pori halina mwenyewe. Huo ni uongo, na ndio ulioumaliza mninga wetu. Wako wanaokata mti wa kijito kwa gunia moja la mkaa, kisha mwezi wa tisa wanalia maji. Wako wanaowasha moto wa kuota wakaamka wameuacha, ukala malisho ya vijiji vitatu. Wako wanaoleta makundi ya ng'ombe ya matajiri wa mbali, kwa jina la mchungaji maskini. Hao hatuwatetei. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Humo ndimo sheria ndogo hujadiliwa. Asiyehudhuria asishangae kesho akitozwa kwa amri ambayo jirani zake walinyosha mikono kuipitisha. Na mtendaji asiyeitisha mkutano huo ndiye awe wa kwanza kuulizwa.

Nasi wafanyakazi wa mijini tusidhani hili halituhusu. Mkaa unaopikia chai yetu Dar es Salaam, nyama ya sokoni, asali ya dawa, ubao wa kitanda, vyote vimepita mikononi mwa mtu aliyelala porini akiogopa. Sehemu ya bei tunayolipa ni faini zisizo na stakabadhi.

Uhuru wa mwaka 1961 ulimpa mwananchi haki ya kutembea katika nchi yake bila kuuliza mkoloni njia. Haukumpa ruhusa ya kuiharibu. Baina ya haki hiyo na wajibu huo pana mstari, nao yapasa uchorwe mahali ambapo kila mtu atauona, hata yule asiyejua kusoma, hata usiku, kwa mwanga wa mafiga yake matatu. Serikali ikiuchora, na atakayeuvuka akijua, hapo na alipe. Mpaka siku hiyo, ni haki aonywe kabla ya kuadhibiwa.